Afya ya Nyumba: Maumivu ya Nyonga



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari za maumivu ya nyonga. Ugonjwa huu huingia nyumbani polepole kama mchwa, wala haubishi hodi. Leo mzee achechemea kidogo arudipo kutoka shambani. Baada ya miezi michache hawezi kuinama kuvaa viatu. Mwaka wa pili hukaa mlangoni mchana kutwa. Ndipo watu wa nyumba waanzapo kunong'ona. Huyu asema ni uzee tu, yule asema ni uvivu, na wa tatu asema kuna mkono wa mtu. Hivyo ugonjwa wa kiungo kimoja hugeuka kuwa ugonjwa wa nyumba nzima.

Sikilizeni kwanza habari za mama mmoja wa kijiji kilichoko kati ya Tunduma na Vwawa. Jina lake twaliacha. Mama huyu alikuwa hodari wa jembe, na katika kuchuma kahawa hapakuwa na kijana wa kumshinda. Alipokuwa na umri wa miaka 64, goti lake la kulia likaanza kumwuma. Akalikanda kwa maji ya moto, akalipaka mafuta, asipate nafuu. Mwanawe akaenda kwa mpiga ramli, naye akamwambia, "Mama yako amekanyaga dawa iliyotegwa njiani, na aliyeitega ni jirani wa karibu." Jirani wa karibu alikuwa mmoja tu, mjane aliyekuwa rafiki yake tangu ujana wao. Kila asubuhi alikuja kuomba moto, na kila jioni walikwenda kisimani pamoja. Mbuzi wawili wakalipwa kwa mpiga ramli, na tangu siku ile yule mjane hakusalimiwa tena.

Maumivu hayakupungua. Ndipo mtu mmoja akamletea vidonge vilivyonunuliwa stendi, vimefungwa katika karatasi isiyo na maandishi. Mama akameza viwili, na usiku ule akalala usingizi mzuri. Akafurahi, akaendelea kuvimeza kila siku kwa muda wa miezi saba. Mwezi wa nane choo chake kikawa cheusi kama lami, na asubuhi moja akaanguka jikoni. Wakamchukua hima hospitalini, akaongezewa damu. Tumbo lilipokwisha kutulia, daktari akamwuliza, "Mama, vidonge hivi ulivimeza kwa ajili ya nini?" Akajibu, "Kwa ajili ya goti, mwanangu." Daktari akamlaza chali, akalikunja goti na kulikunjua, nalo halikumwuma. Kisha akaukunja mguu penye nyonga, akalizungusha paja taratibu kuelekea ndani, na mama akapiga kelele. Daktari akasema, "Mama, goti lako ni zima. Nyonga ndiyo mgonjwa."

Neno hili twataka kila msomaji alishike. Mishipa ya fahamu iliyo penye nyonga hushuka hata gotini. Kwa hiyo nyonga ikiumia, mtu aweza kusikia maumivu gotini. Walakini mara nyingi maumivu ya nyonga husikika kinenani na mbele ya paja, na mara nyingine takoni. Dalili nyingine ni hizi: ugumu wa kiungo asubuhi, ambao kwa kawaida hauzidi nusu saa, taabu ya kukata kucha za miguu, ya kupanda baiskeli, na ya kuchuchumaa chooni, kuchechemea, na mwisho mguu mmoja huonekana mfupi kuliko mwenzake.

Sasa tuseme ugonjwa wenyewe ni kitu gani. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo, nacho hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga, kama vile kichwa cha mchi kikaavyo ndani ya kinu. Lakini mchi na kinu ni vikavu, na kiungo sicho hivyo. Mkichinja kuku, tazameni mwisho wa mfupa wa paja lake: mtaona kitu cheupe, kigumu kidogo, kitelezacho. Hicho ndicho gegedu. Nasi tunalo, limefunika kichwa cha mfupa na kikombe chake, na kati yake mna ute mwembamba. Gegedu likichakaa na kupungua, mifupa hukaribiana, hukwaruzana, na pembeni huota vipande vya mfupa. Watu husema nyonga imesagika, na neno hilo ni zuri. Wengi huuita ugonjwa huu baridi yabisi, walakini jina hilo hutumiwa pia kwa ugonjwa mwingine ambao huvimbisha viungo vingi pamoja, hasa vya vidole, nao una dawa zake. Baridi ya Mbozi ya mwezi wa Juni na Julai yaweza kuyazidisha maumivu, lakini siyo iliyolisaga gegedu.

Je, ni nini basi kilisagacho? Umri ni sababu moja, na uzito wa mwili ni nyingine. Tena wako waliorithi udhaifu huu kwa wazazi wao. Mtu aliyevunjika penye nyonga, au aliyeugua nyonga katika utoto, huweza kuupata mapema. Na kazi nzito ya miaka mingi ni sababu pia. Mwaka 1992 madaktari wa Uingereza waliowaangalia wanaume wakulima waliona ya kuwa kusagika kwa nyonga huwapata wakulima kuliko watu wa kazi nyepesi. Mnasikia, ninyi mnaomwita mzee wenu mvivu? Huenda nyonga yake inauma kwa sababu aliwalimia ninyi. Na ninyi vijana mnaopakia magunia katika malori pale Tunduma, mizigo ya leo huandikwa katika viungo, na hesabu yake hudaiwa baadaye.

Tena iko sababu nyingine, nayo kwa watu wa nchi zetu ni kubwa. Kichwa cha mfupa wa paja hupata damu kwa mishipa midogo. Mishipa hiyo ikizibika au kukatika, kichwa hufa, kisha hubonyea, na kiungo husagika hata kwa kijana wa miaka 30. Ng'ambo ya mto Songwe, katika nchi ya Malawi, madaktari waliweka daftari la nyonga na magoti yaliyobadilishwa kwa upasuaji, kuanzia mwaka 2005. Nao walipotoa hesabu yao mwaka 2009, sababu iliyozidi zote katika nyonga ilikuwa kufa huku kwa mfupa. Mambo yaletayo kufa huku ni ugonjwa wa selimundu, kuvunjika kwa shingo ya paja, ulevi wa kupindukia, na kutumia kwa muda mrefu dawa ziitwazo steroidi. Akina mama, hapa pana neno la kuwafurahisha. Madaktari wa Malawi waliandika mwaka 2015 ya kuwa desturi ya kumbeba mtoto mgongoni, miguu yake imepanuka, yaelekea kuzilinda nyonga zake zikue vema ndani ya vikombe vyake. Basi msiiache desturi hiyo.

Haya, mtu afanye nini? Tutayasema maneno sita.

Neno la kwanza: apimwe. Aanze katika zahanati au kituo cha afya, aombe barua ya kwenda hospitali ya mkoa, Vwawa, akapigwe picha ya eksirei ya nyonga. Akiambiwa aende Mbeya kwa daktari wa mifupa, aende. Mtu akisikia maumivu gotini, na goti lenyewe halionyeshi ubaya, amwambie daktari, "Tafadhali, niangalie na nyonga." Kusema hivyo si kukosa adabu.

Neno la pili: asikae kitako kwa hofu. Hapa ndipo watu wengi wapoteapo. Wadhani ya kuwa kilichochakaa kisitumiwe, kama jembe lililovunjika mpini. Lakini gegedu si chuma. Halina mishipa ya damu. Hula kwa ule ute wa kiungo, nao huingia na kutoka kwa mwendo. Chukua kitambaa kilicholowa, ukikamue majini kisha ukiachie: hunywa tena. Ndivyo gegedu linywavyo. Mtu akikaa tu, gegedu hukosa chakula, misuli hulegea, nyonga hukakamaa, na mzigo wote huiangukia mifupa. Basi na atembee kila siku, mwendo mfupi mara nyingi kuliko mwendo mrefu mara moja. Na kila asubuhi na jioni afanye mazoezi haya, mara 10 kila moja: alale kwa ubavu mzima, auinue mguu mgonjwa juu ukiwa umenyooka, aushushe polepole; asimame ameshika mwimo wa mlango, aurudishe mguu nyuma bila kuinama; aketi katika kiti, asimame na kuketi bila kujisukuma kwa mikono, akiweza. Kisha alale kifudifudi dakika 10, ili nyonga isizoee kukunjika. Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si kitu; lakini yakizidi na kudumu hata kesho yake, apunguze.

Neno la tatu: achukue fimbo, tena aichukue kwa mkono ulio sawa. Watu wengi huishika upande wa mguu mgonjwa, na huko ndiko kukosea. Sababu yake ni hii. Kila tupigapo hatua, twasimama kwa mguu mmoja, na mwili wataka kuanguka upande wa pili. Misuli ya tako huuvuta usianguke. Nayo kwa kuwa iko karibu na kiungo, haina budi kuvuta kwa nguvu nyingi, kama mtu ashikaye mizani kwa upande mfupi. Kwa hiyo nyonga hubeba uzito wa mwili pamoja na mvuto wa misuli, hata jumla hufika kama mara mbili na nusu au tatu ya uzito wa mtu. Mtu wa kilo 60, nyonga yake hubeba kama kilo 150 au 180 kwa kila hatua. Fimbo ikishikwa mkono wa upande mzima, iko mbali na nyonga iliyo mgonjwa, na mgandamizo mdogo wa mkono huisaidia misuli msaada mkubwa. Nyonga ya kulia ikiuma, fimbo mkono wa kushoto. Itangulie pamoja na mguu wa kulia. Urefu wake ufike penye kifundo cha mkono, mtu asimamapo wima mikono imening'inia, na chini itiwe kipande cha mpira isiteleze. Penye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu mgonjwa hutangulia kushuka. Wala fimbo si aibu. Mwenye kuanguka kwa kuikataa ndiye atakayebebwa.

Neno la nne: nyumba imsaidie. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kichwani, na kwa hesabu ile tuliyoisema, nyonga huongezewa kama kilo 50 hata 60. Basi vijana wachote maji, au mama achukue lita 5 kwa mkono wa upande wa nyonga iumayo, fimbo ikiwa mkono wa pili. Kigoda kifupi kiondolewe, kiwekwe kiti kirefu, hata magoti yawe chini kuliko nyonga. Na jiko liinuliwe juu ya matofali. Fundi seremala atengeneze kiti chenye tundu, kiwekwe chooni, maana kuchuchumaa ndiko kuumizako kuliko yote. Jembe litiwe mpini mrefu. Mwenye mwili mzito apunguze uzito. Kila kilo moja apunguzayo, nyonga huiona kama mbili au tatu.

Neno la tano: ajihadhari na dawa. Parasetamoli haina nguvu nyingi kwa ugonjwa huu, lakini yaweza kumsaidia mtu siku ya maumivu, asipozidisha kipimo. Diklofenaki na ibuprofeni zina nguvu zaidi, walakini zatoboa tumbo, zaharibu figo, na zapandisha shinikizo la damu, hasa kwa wazee. Zitumiwe kwa idhini ya daktari, kwa siku chache, baada ya chakula, tena daktari aulizwe kama yafaa kuongeza dawa ya kulinda tumbo. Dawa ya kupaka hulisaidia goti kuliko nyonga, kwa kuwa nyonga iko ndani sana. Na vidonge visivyo na jina, au unga wa mitishamba uondoao maumivu yote kwa siku moja, viogopeni. Mara nyingine ndani yake mmefichwa steroidi, zile zile tulizosema ya kuwa huweza kuua kichwa cha mfupa. Basi mtu hununua ugonjwa akidhani anunua dawa. Aliyekwisha kuzimeza kwa muda mrefu asiziache ghafula, bali amwendee daktari upesi na kumwonyesha karatasi yake.

Neno la sita: kuna maumivu yasiyongoja. Nyonga iumayo pamoja na homa. Mzee aliyeanguka asiweze kuukanyagia mguu. Mtoto yeyote achechemeaye. Maumivu ya usiku pamoja na kukonda. Mwenye selimundu aumwaye nyonga. Hawa wapelekwe hospitalini siku ile ile. Kifua kikuu nacho huweza kuingia ndani ya nyonga, na kikijulikana mapema hupona kwa dawa. Kadhalika mtu ametumia vidonge vya maumivu, akatapika damu au choo chake kikawa cheusi, asingoje asubuhi.

Mtauliza, "Je, mtu akifanya haya yote na bado halali usiku wala hawezi kutembea, ndiyo basi?" La, siyo basi. Mwezi wa Novemba mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, daktari John Charnley alianza kubadilisha nyonga kwa kichwa kidogo cha chuma kilichotiwa ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, vikashikamanishwa na mifupa kwa saruji ya namna yake. Tangu siku zile kazi hiyo imeenea duniani kote. Hesabu zilizokusanywa kutoka nchi zenye madaftari mazuri, na kutolewa mwaka 2019, zaonyesha ya kuwa katika nyonga 100 zilizobadilishwa, kama 58 zilidumu miaka 25. Kwetu Tanzania hufanywa katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1996. Upasuaji huu si mchezo: una hatari ya vidudu kuingia, ya damu kuganda miguuni, na ya kiungo kuchomoka. Tena ni wa gharama. Kwa hiyo kabla ya kuuza shamba la kahawa, ulizeni kwanza gharama yote, na kama bima yenu yalipa, na kama yuko ofisa wa ustawi wa jamii wa kuwasaidia. Lakini msiseme ya kuwa hakuna dawa, maana ipo. Wala msimwambie mzee, "Umekwisha kula chumvi nyingi, vumilia tu." Mzee naye ana haki ya kulala usiku.

Sasa tumalize habari za yule mama. Daktari alimwonyesha mwanawe picha ya eksirei, akamwambia, "Tazama. Nyonga ya kushoto, kati ya kichwa na kikombe pana nafasi, ndilo gegedu. Ya kulia, nafasi imekwisha, mfupa umekutana na mfupa. Jambo hili halikufanyika kwa usiku mmoja, wala kwa dawa ya njiani. Limechukua miaka." Yule kijana akanyamaza kimya. Walipokuwa garini kurudi, mama akamwambia, "Mwanangu, mbuzi wawili tumewatoa bure, hilo si kitu. Lakini mwenzangu nimemnyima salamu mwaka mzima."

Mjukuu akamkatia fimbo ya mti wa mpera, akaifunga chini kipande cha mpira wa gari. Siku ya kwanza hakwenda shambani, wala sokoni. Akaishika kwa mkono wa kushoto kama alivyofundishwa, akatembea polepole mpaka mlangoni pa yule mjane, akabisha hodi. Mjane alipotoka, mama akasema, "Nimekuja kuomba moto." Yule mwenziwe akamtazama kitambo, kisha akaingia ndani kuleta kaa.

Nyonga yake haikupona. Hata sasa yauma wakati wa mvua, naye yungali akingojea kuitwa na daktari wa mifupa. Walakini atembea kila siku, alala usiku, na jioni huonekana njiani kwenda kisimani pamoja na mwenziwe. Mmoja ana fimbo, na mwingine ana ndoo.

Basi, ndugu wapenzi, yeyote nyumbani mwenu achechemeaye, msimtafutie mchawi wala msimwite mvivu. Mtafutieni picha, mkateni fimbo, na mumpunguzie ndoo. Kwa herini mpaka mwezi ujao.